Kondoo wekundu wa Kimaasai: jinsi ya kuwafuga kiangazi mpaka masika

Kondoo mwekundu ukimwona mnadani unaweza kumpita tu, mdogo, manyoya mafupi ya rangi ya udongo wa kichuguu, mkia umejaa mafuta, amesimama pembeni ya Dorper, yule kondoo wa nyama wa Afrika Kusini, ambaye kifua peke yake kinajaza macho, na mnunuzi wa nyama naye anaenda moja kwa moja kwa Dorper. Mimi pia nilienda huko. Mwaka 2019 nilinunua dume wa Dorper kwa hela ambayo ningepata majike kadhaa wekundu, nikamwachia kundi lote, na watoto wake wa kwanza walikua haraka mpaka majirani wakawa wanakuja kuomba mbegu. Alafu mwishoni mwa 2021 ukame ukatuingia huku kaskazini mwa Tanzania, Longido, Monduli, Simanjiro, kila boma likawa linaburuta mizoga, na kwangu machotara ndo waliotangulia kulala chini wasiamke tena. Wekundu wa yeyo, mama yangu, ambao alikataa katakata wasipandwe na lile dume, walikonda mpaka mbavu unazihesabu ukiwa mbali lakini walitembea, walikunywa leo wakaruka kesho, wakapita.

Kwahiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyerudi. Sisemi Dorper ni mbaya, mwaka wa majani anakushinda kwa kilo na kwa bei, na hata damu yake nusu ni ya huku kwetu Afrika, maana Wasauzi walimtengeneza miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na yule kondoo mwenye kichwa cheusi wa asili ya Somalia. Tatizo ni kwamba ukiachia dume mmoja akapanda kundi lote, ndani ya miaka michache mwekundu safi hayupo tena, na kumrudisha ni kazi ya miaka. Upande wa Kenya waliliona hilo mapema, katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kusambaza madume ya Dorper kwa bei ya ruzuku, na sehemu nyingi za Kajiado leo ukitafuta mwekundu ambaye hajachanganywa unazunguka sana. Nataka ubaki naye, alafu ukitaka chotara wa kuuza tenga majike machache wazae hao, ila kiini cha kundi usikiguse.

Anza na hesabu ya dume

Watu wengi wanaanza mwaka wa kondoo siku wanazaa, mi naona mwaka unaanza siku unayomwachia dume. Kondoo anabeba mimba siku 150 hivi, miezi mitano. Huku kwetu vuli inanyesha Novemba na Desemba, inakata Januari na Februari, masika inakuja Machi mpaka Mei, alafu ukavu mrefu toka Juni mpaka Oktoba. Ukiacha dume atembee na majike mwaka mzima watazaa ovyo, na wale watakaozaa Septemba utawazika wewe, maana mama hana maziwa na mtoto hana jani la kujifunzia kula.

Mi nafungua dume Desemba mwanzoni. Majike wamekula majani mapya ya vuli wiki tatu nne, wamerudisha mwili, na jike mwenye mwili unaopanda anashika mimba kirahisi. Ukifungua tarehe 1 Desemba wa kwanza atazaa karibu na tarehe 30 Aprili. Maana yake zile wiki sita za mwisho, ambazo mtoto tumboni anakua kwa kasi na mama anahitaji chakula kuliko wakati mwingine wowote, zinaangukia Machi na Aprili, majani yapo, na anazaa mvua kubwa ikiwa inaelekea kuisha. Kuna wanaopandisha Juni wakati kondoo wamenona baada ya masika, wanasema watoto watazaliwa na vuli, ni kweli, lakini mama atamalizia mimba Septemba na Oktoba, mwezi ambao hata punda anahangaika. Mi nilijaribu mara moja, basi.

Dume mmoja anatosha majike 25 mpaka 30. Jike asiposhika anarudi kwenye joto baada ya siku 17 hivi, kwahiyo ukimwacha dume wiki saba anakuwa amewapitia kama mara tatu, wakimaliza unamzuia. Namna ya kumzuia wazee walishaijua zamani, kipande cha ngozi kinafungwa chini ya tumbo kikining'inia mbele ya uume, dume anachunga na wenzake kama kawaida ila hawezi kupanda. Siku hizi wengine wanatumia kipande cha tairi au turubai, sawa, ila kikague kila siku mbili tatu maana kikilowa na kuchubua panaingia funza.

Jambo moja la dawa hapa hapa kabla sijasahau. Ukitaka kutumia albendazole, ile dawa ya minyoo, fanya hivyo kabla dume hajafunguliwa, wiki mbili tatu nyuma. Mwezi wa kwanza wa mimba dawa hiyo inaweza kuharibu mtoto tumboni, na watu wanaitumia kila siku bila kujua kwa sababu ndo ya bei rahisi dukani.

Januari na Februari

Hapa kazi sio nyingi. Majike wana mimba changa, majani ya vuli yanakauka taratibu, joto linaua mabuu ya minyoo huko malishoni. Ni wakati mzuri wa kupanga chanjo na afisa mifugo kabla barabara hazijaharibika. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008 kule Ngorongoro na tangu hapo haijaondoka, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara, kundi linaisha, na hakuna dawa ya kuiponya. Chanjo yake mara moja inamlinda mnyama kama miaka mitatu, kwahiyo kila mwaka unachanja wadogo waliozaliwa na wageni ulionunua. Andika umechanja nani. Usitegemee kichwa.

Chumvi pia. Kondoo anapenda chumvi na anaihitaji, lakini usimpe jiwe la kulamba la ng'ombe bila kusoma maandishi, mengi yana shaba iliyopimwa kwa ng'ombe, na kondoo shaba inamkaa kwenye ini kidogo kidogo mpaka siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Tafuta la kondoo, au mpe chumvi ya kawaida.

Masika: hapa ndo mwekundu anaonyesha thamani yake

Mvua inanyesha, nchi inageuka kijani ndani ya siku kumi, na wewe unafurahi, na unapaswa kufurahi, hakuna kitu kizuri kama kondoo wanarudi jioni matumbo yamejaa mpaka wanayumba. Ila majani yale yale ndo yanabeba minyoo. Mnyoo mbaya kuliko wote ni ule wa tumboni unaonyonya damu, wataalamu wanauita Haemonchus, jike wake ana mistari myekundu na myeupe iliyosokotana kama kamba. Mmoja ananyonya kama mililita 0.05 kwa siku, unaweza kuona ni tone, lakini wakiwa 1,000 ni mililita 50 kila siku, na kondoo wa kilo 30 ana damu kama lita 2 tu. Piga hesabu mwenyewe siku ngapi zinabaki. Na jike mmoja wa mnyoo anataga mayai maelfu kwa siku, unyevu na joto la masika vinayatotoa, mabuu yanapanda kwenye jani pamoja na umande, kondoo anayameza, na wiki tatu baadae mzunguko umeanza upya.

Mwekundu wetu anapambana na mnyoo huyu kuliko Dorper, na hili sio maneno ya wazee peke yake. Miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga wekundu na Dorper pamoja kule Diani, kusini mwa Mombasa, pwani yenye unyevu ambayo minyoo haikosi, na wekundu walitoa mayai machache zaidi kwenye kinyesi, damu yao haikushuka kama ya wenzao, na watoto wao walikufa wachache zaidi. Lakini kustahimili sio kinga, mwekundu naye akijazwa minyoo anakufa, hasa mtoto aliyetoka kuachishwa na mama anayenyonyesha, maana mwili wa mama karibu na kuzaa unalegea na mayai ya minyoo yanaongezeka kwenye kinyesi chake wakati huo huo mtoto anaanza kuonja majani pale pale.

Kwahiyo fanya hivi. Usitoe kondoo alfajiri na umande, subiri majani yakauke, saa tatu saa nne hivi. Kabla ya kutoka watupie majani makavu kidogo ndani ya boma, itasaidia pia wasivimbe tumbo au kuharishwa na majani laini ya ghafla. Usiwaache wale mpaka wafike udongoni, mabuu mengi yanakaa sentimita chache za chini za jani, sehemu ikishakuwa fupi hama, iache ipumzike. Kama boma lenu bado lina olokeri, ile sehemu iliyotengwa jirani na nyumbani kwa ndama na wagonjwa, usiimalize masika, ilinde kwa ajili ya ukavu.

Alafu kila wiki mbili shika kondoo mmoja mmoja uangalie jicho. Simama juani sio kivulini, sukuma kope la juu chini kidogo na uvute la chini, ndani yake uone rangi. Nyekundu ni salama, waridi ya kufifia ni tahadhari, nyeupe kama karatasi huyo anaisha. Kuna kadi ya rangi tano iliyotengenezwa Afrika Kusini inaitwa FAMACHA, namba 1 nyekundu mpaka 5 nyeupe, ukiipata itumie maana macho yanadanganya, rangi ya jana unaisahau. Wa 4 na 5 wape dawa siku hiyo hiyo, wa 3 wape kama ni mtoto, ananyonyesha au amekonda. Waliobaki waache. Najua unaona uchungu kuacha wengine wakati chupa ipo mkononi, lakini ukiwapa wote kila mara minyoo inayobaki ni ile tu iliyoshindikana na dawa, na hiyo ndo itakayozaliana. Pima uzito kwa mzani, mi natumia ule wa kuning'iniza na gunia, majike wengi wako kilo 30 mpaka 40, usikadirie kwa macho ukampa pungufu, dawa pungufu ndo shule ya minyoo. Uvimbe laini chini ya taya jioni ni dalili ya minyoo pia, huyo usimswage mbali, mtibu na mwache apumzike.

Na hapa kuna zawadi ambayo watu hawaitumii. Ukiandika kila ukaguzi, kwa alama tu kwenye daftari, mwisho wa masika utaona majike wale wale wanarudi kwenye dawa kila mara na wengine hawajaguswa hata mara moja. Hao ambao hawajaguswa ndo mama wa dume wako wa baadae.

Kwato nazo. Boma likiwa tope la samadi kwato zinalainika na kuoza, kondoo anachunga amepiga magoti. Hamisha boma au kwangua samadi, punguza kwato, na wapitishe kwenye beseni la mrututu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, wasimame dakika chache alafu wasimame pakavu. Hakikisha wameshakunywa maji kabla, wasije wakaionja, ile ni shaba niliyosema.

Mwaka ambao mvua imezidi, mbu wengi, ukaona majike wanatupa mimba kwa mkupuo na watoto wachanga wanakufa, usichunguze kwa mikono, usichinje, ita daktari wa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 kwenye kondoo karibu na Naivasha, na inaua watu pia, milipuko ya 1997 na ile ya 2006 kwenda 2007 ilifuata mvua za namna hiyo.

Kuzaa

Mwisho wa Aprili nalala usingizi wa nusu. Kondoo mwekundu anazaa mwenyewe bila shida mara nyingi, mtoto ni mdogo, mmoja, mapacha ni wachache. Ukiona anasukuma zaidi ya saa moja hakuna kitu kinachotoka hapo ndo unaingiza mkono ulionawa na sabuni, au unamwita anayejua. Mtoto akidondoka futa pua, chovya kitovu kwenye ayodini, alafu hakikisha amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya masaa machache, sio kesho. Mtoto hazaliwi na kinga, kinga yote ya mwanzo imo kwenye dang'a na utumbo wake unaipokea masaa ya kwanza tu. Jike wa uzao wa kwanza wakati mwingine anakimbia mtoto, mfunge pembeni na mtoto wake siku moja mbili, muda wa kujuana tu.

Usiku wa mvua baridi inaua kuliko fisi. Yeyo alikuwa anaingiza wachanga ndani ya nyumba, karibu na moto, na mimi nafanya hivyo hivyo, wiki mbili za mwanzo wanalala olale, kile kizizi cha ndani, mchana wanabaki nyumbani mama zao wakichunga jirani. Jioni sasa. Kundi likitokea kwenye kilima watoto wanasikia kabla yako, kelele zinaanza pande zote mbili, kila mama anaita kwa sauti yake na kila mtoto anapita katikati ya miguu ya kondoo hamsini anamfikia wake, anapiga magoti, mkia unatikisika. Nimeona hilo toka nikiwa mtoto na bado naacha ninachofanya nisimame kuangalia. Ni wakati mzuri wa kuhesabu pia, mtoto anayelia peke yake amekosa mama, na mama anayezunguka bila mtoto kuna kitu kimetokea malishoni.

Madume ambao hutawabakiza wahasi mapema kabla hawajafika miezi mitatu minne, la sivyo mpango wako wote wa Desemba utavurugwa na katoto ambacho ulidhani bado kadogo.

Ukavu: Juni mpaka Oktoba

Juni na Julai kuna baridi, upepo, vumbi, makamasi na kukohoa, hasa boma likiwa limebana. Ongeza ukubwa wa boma na uweke miiba minene upande wa upepo.

Wakati huu pia chinja chinja ni nyingi, kwahiyo niseme kuhusu ormilo. Kondoo anazunguka upande mmoja, kichwa kimepinda, anagonga mti, anaachwa nyuma. Mara nyingi kwa kondoo na mbuzi ni kifuko cha maji kwenye ubongo, na kinatokana na tegu wa mbwa. Mbwa anakula kichwa cha kondoo mgonjwa, tegu anakua tumboni mwake, anamwaga mayai malishoni, kondoo wengine wanakula. Tunajisababishia wenyewe kwa kumtupia mbwa kichwa. Kichwa cha kondoo wa namna hiyo choma moto au fukia chini sana, na mbwa wa boma wape dawa ya tegu yenye praziquantel mara kwa mara.

Chakula cha ukavu kinatafutwa mapema. Mti wa oltepesi, mgunga ule wa mwavuli, unaangusha matunda yaliyojikunja yenye protini nyingi, kondoo wanayapenda sana. Watume watoto wakimaliza shule wakusanye kwenye magunia, yahifadhi pakavu, Septemba na Oktoba unampa kila jike konzi mbili tatu jioni. Gunia kumi zilizokusanywa bure zimewahi kunivusha mwezi mzima na wanyonge wangu wote. Maji, mwekundu anaweza kunywa siku moja akaruka moja, lakini anayenyonyesha usimfanyie hivyo ukiwa na namna.

Kuuza ndo pagumu. Sisi tunapenda wingi, na mnyama uliyemlea kwenye baridi ukiwa na mtoto wake mkononi humuuzi kirahisi. Ila mwezi wa Agosti, bado wana mafuta mkiani, toa mahasi wote, majike waliokwisha meno, na wale waliokula dawa kila ukaguzi. Ukingoja Oktoba kila mtu yuko mnadani na mifupa, mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Mkia pia ni akiba yenyewe, kondoo anaishi kwa mafuta yale malisho yakiisha, ndo maana chotara mwenye mkia mwembamba anaanguka mapema. Mkubwa mmoja mnene mbakize nyumbani kama kuna mama mjamzito, mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa bado ndo kitu cha kwanza anachopewa mzazi kwetu, na hayo hayanunuliwi dukani.

Watoto waachishe wakiwa na miezi mitatu minne, Agosti hivi, wape sehemu nzuri iliyobaki, ile olokeri uliyoilinda. Na kati ya madume wadogo usichague mnene kuliko wote, huyo mara nyingi mama yake alikuwa na maziwa tu. Fungua daftari. Tafuta mama ambaye amezaa kila mwaka, hakuguswa na dawa masika, hakulala chini ukavu uliopita. Mtoto wake awe mwekundu, mkia mnene, korodani mbili zilizo sawa, miguu imenyooka, taya zimekutana. Bakiza wawili watatu maana mmoja anaweza kuliwa na chui, waangalie mpaka Oktoba inaisha uone nani anashika mwili nani anaporomoka. Dume wa kundi badilishana na boma la mbali kila baada ya miaka miwili asije akapanda mabinti zake, ila nenda mwenyewe ukamwone mama yake huko huko, angalia mkia na jicho, usitumiwe picha.

Mwaka huu nina watatu. Mmoja ana doa jeupe kwenye paji, nyanya yake ni mmoja wa wale wa yeyo waliovuka 2021. Ngozi bado wameifunga, mawingu ya vuli yameanza kukaa juu ya mlima jioni, na nimeshatia alama kwenye kalenda siku ya kumfungulia.